Kopo la Dirishani

Ngrrr. Kopo lilinguruma mara moja gizani, likanyamaza.

Fundi Viraka alifumbua macho, akatabasamu peke yake. Mumewe amefika. Kila alfajiri, kabla jogoo hajaamua kama kweli kumekucha, yule mwokaji mikate aliondoka kwa kunyata, viatu mkononi, asije akamwamsha mtoto. Na akishafika kwenye tanuri lao alibipu mara moja, basi. Simu ililala ndani ya kopo tupu la maziwa ya unga, kopo limening'inizwa kwenye msumari wa dirisha la sebuleni, na mtetemo wake ndani ya lile bati ulitosha kupenya pazia la chumbani ukamfikia mke. Aliyeusikia ni yeye tu. Mtoto alikuwa fofofo, na mama mkwe, katika chumba cha pili, alikoroma kwa heshima zake zote.

Kopo lilikuwa dirishani kwa sababu nyumba nzima mtandao ulishika hapo tu. Ukisogea ndani kidogo, sauti ya mwenzako inakuwa ya mtu anayezama. Miaka yote ya ndoa yao dirisha lile lilikuwa ndiyo ofisi ya nyumba. Mama mkwe akiongea na dada yake, aliegemea nondo kama mfungwa aliyetembelewa na ndugu. Hata Kifungo, binti yao mdogo aliyeitwa hivyo kwa uduara wake, akicheza simu kwa kipande cha sabuni alikimbilia kwanza dirishani, akanyoosha shingo, ndipo aseme halo.

Wangeweza kuishi hivyo mpaka uzee, maana mazoea yana tabu yake lakini hayana kelele. Ila cherehani ilikuwa nyuma, kwenye kibaraza kilichozibwa kwa mabati, na Fundi akishakanyaga pedeli hasikii kopo wala aliyelitengeneza. Simu iliita, ikachoka, ikakata. Wenye nguo za kushonwa walikwenda kwa yule mwenye duka barabarani, mwenye kioo kirefu na mwanasesere wa kuvalishwa. Kwa Fundi zilibaki suruali zilizopasuka magotini na mashuka yaliyochoka katikati, za majirani wanaopiga hodi badala ya simu. Ndipo jina la Fundi Viraka likamganda. Lilianza kama utani, na yeye mwenyewe alicheka nao. Siku hizi alicheka kidogo kidogo.

*

Laini mpya aliipata njiani, akiwa na mfuko wa sampuli za sare begani, anakwenda chuo cha wauguzi kuomba kazi.

"Mama, jaribu laini yetu," alimwita binti mmoja aliyekaa chini ya mwavuli wa rangi kali, kameza kadogo mbele yake. "Ya majaribio. Mwezi mzima hulipi kitu. Ukiipenda, unahama na namba yako ileile, hakuna hata atakayejua. Usipoipenda, unaitupa."

"Naitupa hivihivi? Hamtanifuata nyumbani?"

"Tukufuate na miguu ya nani, mama yangu?"

Fundi alicheka, akakaa. Simu yake ilikuwa ya kubofya, lakini ilipokea laini mbili. Tundu la pili lilikuwa tupu tangu siku ya kununuliwa. Kazi ikawa kwenye kidole. Mashine ya kusoma alama za vidole ilikataa kidole gumba, ikakataa na cha pili. Binti wa mwavuli alimfuta kwa kitambaa, akabonyeza tena. Nyuma yao foleni ilianza kuguna.

"Mama, vidole vyako havina alama," alisema binti, kwa sauti iliyowafikia wote. "Unafanya kazi gani?"

"Sindano."

"Basi sindano imekula kitambulisho chako."

Mtu mmoja kwenye foleni akacheka. Fundi alitazama ncha za vidole vyake zilizochomwachomwa, akatoa kile cha mwisho, kidogo kabisa, ambacho hakikuwa na kazi kwenye kitambaa. Mashine ikalia. Ikamkubali.

*

Matroni wa chuo alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani ya kuning'iniza. Aliigeuza sampuli nje ndani, akavuta mshono, akanusa hata pindo.

"Kazi nzuri," alisema, lakini hakutabasamu. "Shida yako siyo mkono. Muhula uliopita nilikupigia, nikakupigia tena. Hupatikani. Ikabidi kazi nimpe yule wa barabarani, na wanafunzi wangu wakatembea muhula mzima na mifuko ya kifuani imeanguka kama masikio ya mbwa."

Wasichana wawili waliokuwa wanapanga mafaili pembeni walibana vicheko. "Kumbe ndiye huyu Hapatikani," mmoja alinong'ona, akidhani mnong'ono wake ni mdogo.

"Namba yako nilishaifuta," aliendelea Matroni. "Una nyingine?"

Laini mpya ilikuwa bado ina joto la mkono wa yule binti. Fundi aliitaja namba yake akiisoma kwenye kikaratasi, kila tarakimu kwa sauti ya mtu mwenye ofisi.

"Sawa. Kikao chetu ni Ijumaa. Sare za wanafunzi wapya wote, darasa zima. Wakikukubali nitakupigia kutoka simu ya ofisini, nikuulize kama utaziwahi kabla ya kufungua. Simu ya ofisini ukiipigia wewe haipokei, kwa hiyo usinitafute. Nikikukosa safari hii, mama, mimi sina ugomvi. Nampigia mwenye masikio ya mbwa."

*

"Umempa namba ya laini ambayo hujaijaribu," alisema mumewe mchana ule. Alikuwa amerudi na mikate iliyopasuka ambayo tajiri wake hawezi kuiuza, unga bado kwenye nyusi. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesoma kibao cha barabarani.

"Ningempa ipi, Baba Kifungo? Ile ya kopo?"

"Kopo limetulea."

"Zimwi likujualo halikuli likakwisha," alidakia mama mkwe, anachovya mkate kwenye chai.

"Mama, hili limebakisha mifupa."

Mama mkwe alijizuia kucheka, akapaliwa na chai, mwanawe akampiga mgongoni. Alipopata pumzi alisema, "Mimi ubishi sina. Ila dada yangu ana namba moja tu kichwani, ya hapa kwetu. Mkiibadilisha mtakuwa mmenizika nikiwa nakula mkate."

"Namba haibadiliki, Mama. Tukihama tunahama nayo. Hii ya sasa ni ya kuonjea tu."

"Haya. Wali huonjwa chumvi haujaiva. Onjeni."

Wakaonja kama watu wenye akili. Mwokaji alisema alfajiri atabipu kwenye laini mpya, na usiku ule Fundi aliiweka simu ndani ya kopo, kopo kwenye msumari, pale penye mtandao bora kuliko pote nyumbani. Aliamka mapema akasubiri. Madirisha yakaanza kupata rangi, jogoo akaamua, na kopo lilikuwa kimya kama kaburi.

Alikwenda kulitazama. Kwenye kioo cha simu laini ya zamani ilikuwa imesimamisha vijiti vyake vyote. Ile mpya haikuwa na hata kimoja.

Siku mbili zilizofuata alizifanya za majaribio. Alisimama dirishani asubuhi, akasimama adhuhuri. Alinyoosha mkono nje ya nondo. Alimpandisha Kifungo kwenye stuli ainue simu juu kabisa karibu na pazia. Hakuna.

"Kama dirishani haishiki," alisema mama mkwe kwa huruma, "huko ndani itashika nini?"

Nani angebisha? Hata aliyesoma asingebisha. Na kama kuweka muhuri, Alhamisi asubuhi simu iliita kwenye laini ile mpya, ikiwa mfukoni mwa aproni yake huko nyuma kwenye cherehani. Ni binti wa mwavuli, aliyetumwa na wakubwa zake kuwauliza wateja wanaendeleaje. Fundi aliinuka mbio, uzi ukiwa bado mdomoni, akapita jikoni, akapita sebuleni, akafika dirishani anahema. "Halo," alisema. "Halo." Alikuwa anaongea na nondo.

Alivaa viatu, akaenda kwenye mwavuli mwenyewe.

"Mbona mitaa hiyo yenu watu wanashika vizuri?" binti alisema, huku anamhesabia mteja mwingine chenji. "Uliijaribu wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani sehemu gani?"

"Dirishani. Ndiko kwenye mtandao."

Yule binti akainua uso, kama aliyetaka kusema jambo, lakini mteja mwingine akaingiza mkono kati yao na noti kubwa isiyo na chenji. Alipomrudia Fundi, lile jambo lilikuwa limempotea. "Labda simu yako ya zamani, mama," alisema. "Au labda nyumba yako tu. Itupe, si nilikwambia?"

Kuitupa ni rahisi, kama hujaigawa namba. Fundi alipita chuoni akitaka kumrudishia Matroni ile ya zamani. Mlinzi wa getini hakufungua hata kidirisha. Alisema Matroni yuko kwenye maandalizi ya kikao, na mafundi wote wasubiri kuitwa. "Kama ni kazi yako itakuja," alisema. "Simu si unayo?"

*

Ijumaa ikafika. Mwokaji alirudi, akajilaza kwenye kochi bila kulala. Fundi alifua. Mtu akiwa na jambo moyoni, nguo za nyumba ile zilipata usafi wa ajabu. Simu aliiacha juu ya meza ya cherehani, kati ya chaki na mkasi, kwa sababu moja tu: hakutaka kuitazama.

Alikuwa uani, mikono ndani ya povu, aliposikia mtu anaongea ndani. Kasauti kadogo, ka mtu mwenye muda.

"Nina miaka minne. Na nusu. Hapana. Bibi yupo. Amevaa soksi moja."

Fundi aliinua kichwa.

"Baba amelala lakini hajalala. Mama? Mama anafua shuka langu. Nilikojoa. Kidogo."

Aliingia mbio, maji yanatiririka viwikoni. Chini ya meza ya cherehani, katikati ya vipande vya vitambaa, Kifungo alikuwa amejikunyata na simu ya kweli sikioni. Ile simu alikatazwa kuigusa, ndiyo maana alijificha nayo. Alipomwona mama yake alitoa macho, akaikabidhi haraka kama kaa la moto.

"Kuna mtu anaitwa Matroni," alisema. "Siyo mimi niliyempigia."

Fundi aliipokea, na miguu yake ikafanya ilichozoea kufanya. Iligeuka. Alishapita jikoni, alishafika mlangoni mwa sebule, uso kwa dirisha, alipokuta njia imezibwa. Mama mkwe alikuwa amesimama katikati ya mlango, mikono imeshika miimo pande zote mbili, soksi moja mguuni.

"Rudi," alisema.

"Mama, ni Matroni, nipishe."

"Nakwambia rudi chini ya meza. Huyu mtoto kaongea na huyo mtu tangu nianze kutafuta soksi. Hakukatika hata mara moja. Wewe kila ukikimbilia dirishani unakata. Rudi."

Kuna amri ambazo mke wa mtu hazijibu. Fundi alirudi kinyumenyume, simu ikikwaruza sikioni, neno moja linasikika na mawili yanazama, mpaka kisogo kilipogonga ukingo wa meza. Akapiga magoti, akaingia chini, akajikunja pale alipokuwa amekaa mtoto. Mikwaruzo ikatulia. Sauti ikaja safi kabisa, kana kwamba Matroni naye yumo chini ya meza.

"...halo? Mama Fundi, upo?"

"Nipo, Matroni."

"Ahaa. Leo unapatikana. Nimeongea na msaidizi wako. Hana siri."

"Samahani sana, Matroni. Ni mdogo."

"Si mbaya. Huyo wa barabarani ana msichana wa kupokea simu ambaye hata salamu hajui. Sasa sikiliza. Wamekukubali. Swali langu ni moja: utaziwahi kabla hatujafungua?"

Fundi alitazama juu. Upande wa chini wa meza ile hakuwa amewahi kuuona. Ulikuwa na utando wa buibui na nyuzi za rangi zote zilizojinasa miaka na miaka. Aliona miguu ya mama mkwe imesimama, na miguu ya mumewe imefika, na Kifungo amechuchumaa anamchungulia.

"Naziwahi," alisema.

"Mbona sauti yako kama uko pangoni?"

"Niko kazini, Matroni."

"Vizuri. Jumatatu njoo uchukue vipimo. Na hilo shuka lianike juani, litakauka."

*

Alipotoka chini ya meza alikuwa na vinyuzi kichwani kama bibi harusi wa wendawazimu. Hakuna aliyemcheka kwanza. Mwokaji aliichukua simu, akaenda nayo polepole mpaka dirishani huku anatazama vijiti, akarudi nayo mpaka nyuma. Akaenda tena. Mara ya tatu alisimama jikoni, akajishika kiuno, na hapo ndipo akaanza kucheka, ule wa tumbo.

"Sisi ni wajinga," alisema.

"Sema wewe ni mjinga," mama yake alimjibu. "Mimi nimegundua."

"Sikia, Mama. Pale kazini tuliwahi kuletewa tanuri jipya. La zamani moto wake ulikuwa mbele, mlangoni. Kwa hiyo na lile jipya tukapanga mikate mbele, tukafunga, tukasubiri. Unga mbichi. Tajiri akataka kulirudisha, anasema ameuziwa takataka. Kumbe lile moto wake uko nyuma. Hatukuwa tunaonja tanuri jipya. Tulikuwa tunaonja mazoea yetu." Alielekeza kidole nyuma, juu ya mabati ya kibaraza, ambako kilimani palichomoza mnara ambao wote walikuwa wanauona kila siku wakianika nguo. "Hawa wa laini mpya moto wao uko kule. Dirisha letu limewapa mgongo."

"Na mimi nilimtuma mtoto apande stuli," alisema Fundi, akafunika uso kwa mikono yenye povu.

"Stuli si kitu," alisema mama mkwe. "Ulitoa mkono nje ya nondo unaomba mtandao kama anayeomba mvua. Jirani aliniuliza kama unaumwa."

Hapo wakacheka wote, na Kifungo akacheka kwa nguvu kuliko wote bila kujua kwa nini, na kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumchapa kwa kugusa simu.

Wiki iliyofuata, vipimo vikiwa vimeshachukuliwa, Fundi alirudi kwenye mwavuli. Alitoa kile kidole kidogo bila kuambiwa. Namba ya zamani, ile iliyokuwa kichwani mwa dada yake mama mkwe, ikahamia kwenye laini mpya, na jioni yule dada alipiga, akaongea na ndugu yake aliyekaa kitako jikoni anachambua mchele, mguu juu ya mguu. Mazungumzo yalikuwa marefu kupita kawaida. Alipomaliza, mama mkwe alisema kwamba kumbe kilichokuwa kinamfupishia maneno siku zote hakikuwa salio. Kilikuwa mgongo.

"Sasa hili kopo nilitupe?" aliuliza Fundi.

"Liache. Mtu hafukuzi mlezi."

Kopo likabaki kwenye msumari wake, vifungo vyeupe vya sare za wauguzi ndani, na upepo ukipita vikawa vinanong'onezana. Majirani waliendelea kupiga hodi na suruali zao, naye aliendelea kuzipokea. Lakini mama mkwe, akimwelekeza mgeni nyumba, alianza kusema, "Uliza kwa Fundi Sare," kwa sauti ya juu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Usiku simu ililala kitandani, kati ya mto na ukuta, upande wa mtoto. Alfajiri ya kwanza mwokaji alinyata, viatu mkononi, akaenda zake gizani. Baada ya kitambo ukuta ulitetemeka kidogo, mara moja, kama paka aliyeota ndoto. Fundi alifumbua macho. Alitaka kutabasamu peke yake kama ilivyo ada, lakini pembeni yake kichwa kidogo kilikwisha kuinuka, nywele zimesimama upande mmoja.

"Baba amefika," alisema Kifungo.